Dohani Imeziba

Februari 2017 nilikuwa nimepanga chumba kimoja Manzese, Dar es Salaam, na kilichonilipia kodi kilikuwa kuhariri video za shughuli: sendofu, kicheni pati, harusi yenyewe, mara mojamoja maulidi. Laptopu yangu ilikuwa ya mtumba, ile nyeusi ya kiofisi, nzito kama tofali, ndani yake prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, Core i5-2520M ya mwaka 2011. Viini 2, yaani vitengo viwili vya kufanya kazi, na kasi ya GHz 2.5. Kwa kuandika barua ilitosha na kubaki. Kwa kurenda, yaani kuunganisha vipande vyote vya video viwe faili moja, ilikuwa kazi ya dua.

Kulikuwa na mama mmoja wa Magomeni, sendofu ya binti yake, video ya saa 2 na ushee. Nilimwahidi ataipata Ijumaa. Jumapili usiku nikaanza kurenda, nikalala, laptopu pembeni yangu juu ya godoro. Saa 8 usiku nikaamshwa na ukimya. Feni yake ilivuma kama mashine ya kusaga na nilishaizoea. Iliponyamaza ndipo nikashtuka. Kioo cheusi. Nikaishika chini, nikarudisha mkono upesi. Nikaiacha ipoe, nikaanza upya. Alfajiri ilikuwa imezima tena, kwenye asilimia 61.

Nikajipa jibu palepale bila hata kupiga mswaki: haina nguvu. Inabebeshwa mzigo inaanguka, basi itafutiwe nguvu. Sikupima joto, sikumuuliza mtu. Nilichojua ni kwamba kwenye laptopu za kizazi kile prosesa haijachomelewa kwenye bodi kama za siku hizi. Inakaa kwenye kitako chake chenye matundu 988, imebanwa na kiskrubu kimoja. Ukikizungusha nusu mzunguko, inang'oka kwa vidole. Kitu kinachong'oka kirahisi namna ile kinamtamanisha mtu.

Jumatatu mchana nilikuwa Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, naonyeshwa Core i7-2720QM kwenye kipande cha sponji. Viini 4.

"Kaka, ukiiweka hii utanikumbuka," muuzaji akaniambia.

Nimemkumbuka sana. Shilingi 120,000, nikalipa kwa advansi ya mama wa Magomeni.

Usiku nikatandika mkeka, nikapanga skrubu kwenye kifuniko cha hotipoti kwa mpangilio niliozitoa. Kibodi ikatoka, kifuniko cha juu kikatoka, likaonekana bomba la shaba la kubeba joto, limelala juu ya prosesa na kuishia kwenye feni. Nikaling'oa lote na feni yake, kipande kimoja, nikaliweka kando bila kulitazama mara mbili. Pesti ya zamani, ile inayopitisha joto kutoka kwenye prosesa kwenda kwenye bomba, ilikuwa imekauka kama ugali wa jana. Nikaikwangua kwa kadi ya simu, nikamalizia kwa pamba na spiriti. Nikazungusha kiskrubu. Ile i5 ikatoka. Kwenye kona ya prosesa kuna pembetatu ndogo ya dhahabu, na kwenye kitako kuna alama ya kukutana nayo; nikaikalisha i7 bila kuisukuma, ikadumbukia yenyewe. Nakiri mikono ilikuwa inatetemeka. Pesti mpya nikaipaka kama siagi kwenye mkate, mpaka kingo. Nilidhani ikizidi ndiyo raha.

Ikawaka. Windows ikaitambua, viini 4, nami nikacheka peke yangu chumbani kama mwehu. Programu ilifunguka kabla sijatoa kidole kwenye kitufe. Nikaanza kurenda, na safari hii nilikuwa nimeweka kiprogramu cha kupima joto pembeni ya kioo, kwa kujionyesha tu, nione mashine yangu mpya inavyopeta.

Digrii 71. Dakika mbili baadaye, 88. Halafu 96. Halafu ikagonga 100 na kukaa hapo, na GHz zikaanza kuporomoka: 2.8, 1.9, 1.2, mwisho 0.8. Prosesa hizo zikifika kikomo chake cha joto hujipunguzia kasi zenyewe zisiungue. Kwa hiyo nilikuwa na viini 4 vinavyotambaa. Asilimia zilisogea taratibu kuliko zilivyosogea kwa i5. Nikainyanyua laptopu kwa vizibo vinne vya soda, nikaielekezea feni ya chumba, mimi nikalala na jasho langu. Nikazima ile kasi ya ziada ambayo prosesa hujiongezea kwenye kazi nzito, kwa kushusha kikomo cha nguvu ya prosesa kwenye Windows hadi asilimia 99. Joto likapungua digrii chache, na saa 9 usiku ikazima.

Jumatano nilirudi Kariakoo na laptopu kwenye mfuko wa rambo. Sikwenda Aggrey, aibu. Nilikwenda Narung'ombe, chini ya ngazi za jengo moja, kwa mzee mmoja aliyekuwa anatengeneza redio tangu mimi sijazaliwa na kompyuta alizifuata ukubwani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Imekufa au inaumwa?"

Nikamweleza yote. Alinisikiliza huku anapuliza vumbi kwenye bodi ya redio ya mtu mwingine.

"Kabla hujabadilisha, ulipima joto?"

"Hapana, mzee."

"Na feni uliifungua?"

"Niliitoa."

"Sikuuliza kuitoa."

Akaifungua laptopu kwa muda mfupi kuliko nilioutumia kutafuta bisibisi. Akalichukua lile bomba, akabandua utepe mweusi ulioziba pale feni inapokutana na mapezi ya shaba, sehemu hewa ya moto inapotokea, akafungua na kifuniko cha feni. Akachomeka ncha ya kibano. Kikatoka kipande kizima, cha kijivu, kinene kama blanketi, chenye umbo lilelile la mapezi. Nyuzi za godoro, nywele, vumbi la Manzese. Akakiweka kwenye kiganja changu. Kilikuwa chepesi, na bado kina uvuguvugu wa kubebwa juani.

"Umeongeza kuni," akasema, "dohani imeziba."

Akasugua mapezi kwa mswaki wa zamani, akafuta pesti yangu yote huku anasikitika, akaweka tone moja, kiasi cha punje ya mchele. Tuliijaribu i7 kwanza, kwa ubishi wangu. Ikafanya kazi kweli, ila ikasimama kwenye 94. Akanieleza kwamba ile i5 imepangiwa wati 35 za joto na hii 45, na bomba la laptopu yangu ni jembamba, lilikatwa kwa ajili ya 35. Na feni haiwezi kupoza chini ya hewa inayoivuta. "Hewa yenyewe ya Dar mwezi huu ni 32. Unataka ikapozwe na nini?"

Akairudisha i5 ya zamani. Kurenda, dakika 20 mfululizo: 76. GHz zimesimama wima, hazitikisiki. Nikahisi uso unanipata moto kuliko laptopu.

Nilimwuliza kama naweza kurudisha i7 Aggrey. Alicheka tu. Akaitia kwenye kasha tupu la kaseti ili sindano zake zisipinde, akadai 15,000, akaita wa nyuma yangu.

Alhamisi usiku faili likaisha, asilimia 100, bila kuzima hata mara moja. Ijumaa nikapeleka Magomeni. Mama akaitazama yote palepale sebuleni, mimi nimeketi na soda, na mwisho akawa na neno moja tu: dada yake mkubwa haonekani akicheza, na alitunza sana.

Nikarudi nyumbani. Nikaiweka laptopu mezani juu ya vizibo vyake vinne, nikamtafuta dada mkubwa kwenye kanda, nikaanza kurenda upya.