Jumamosi moja na Roadster ya 1992

Saa 11 alfajiri

Nikitoka msikitini siingilii mlango wa mbele. Nazunguka uani, nachutama na tochi ya simu na kuangalia chini ya gari. Mwenye gari ya zamani husoma sakafu kabla hajasoma ujumbe wa simu. Leo kuna tone jipya, nyuma kidogo ya gurudumu la mbele la kulia. Naligusa: jepesi, halina weusi wa oili, na halina rangi ya maji ya rejeta. Ni mafuta ya klachi. Tangu juzi pedali inazama zaidi ya kawaida na gia ya rivasi inalia kabla ya kuingia, kwa hiyo sikushtuka. Mpira wa kutengenezea nilishauagiza.

Gari yenyewe ni Eunos Roadster, injini ya 1.6, viti viwili, paa la turubai. Mazda waliionyesha mara ya kwanza Chicago, Februari 1989. Japani ikauzwa kwa jina la Eunos, kwengineko ikaitwa MX-5 au Miata, na kufikia 2016 zilishatengenezwa zaidi ya milioni moja za ukoo huo. Hii yangu ilishuka bandari ya Malindi, hapa kwetu Unguja, pamoja na kina Noah na kina IST, na usukani wake uko kulia kama tunavyotaka. Haifiki tani moja kwa uzito. Taa zake za mbele hulala ndani ya boneti, ukiziwasha zinachomoza, ndiyo maana watoto wa mtaani hapa Mazizini wanaiita Chura.

Mimi si fundi gari. Ni fundi cherehani, nashona makochi, mito na mapazia ya hoteli. Hii naitengeneza mwenyewe kwa sababu mafundi wetu wanaijua Toyota hata usingizini, na hii si Toyota. Siwalaumu. Mtu anayelipwa kwa gari aliyoimaliza leo hawezi kukaa nusu siku kuchungulia kitu ambacho mtaa mzima kipo kimoja. Mimi naweza.

Saa 12 asubuhi

Jumamosi hakuna skuli, kwa hiyo mtoto wa kaka yangu yupo. Namgongea dirisha.

"Ami, leo tena?"

"Leo tena. Vaa fulana ya zamani."

Gari inapanda kwa jeki, kisha inakaa juu ya stendi mbili, na magurudumu ya nyuma yamezuiwa kwa matofali. Uani kwetu ni mchanga, basi kila stendi ina kipande cha ubao mnene chini yake. Chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake siingizi hata mkono.

Silinda ya chini ya klachi, ile inayosukuma klachi ukikanyaga pedali, iko ubavuni mwa giaboksi, upande wa kulia, imeshikwa kwa bolti mbili za spana namba 12. Moja unaiona. Ya pili unaipapasa tu. Jana usiku nilizipulizia dawa ya kulegeza kutu, na asubuhi hii zimekubali bila ugomvi. Naichomoa silinda, naipeleka juu ya meza yenye gazeti, navua kikofia cha mpira. Yanamwagika mafuta ya kahawia iliyokoza, yana chenga nyeusi ndani yake. Chenga hizo ndizo mpira uliokuwa ukizuia mafuta yasitoke. Nasukuma pistoni, inatoka na springi yake nyuma, na ukingo wa mpira umelika upande mmoja.

Hapa ndipo penye uamuzi, na hauhitaji chombo chochote zaidi ya ukucha. Naifuta silinda kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi, halafu napitisha ukucha wa kidole kidogo polepole kuzunguka ukuta wa ndani. Ukucha ukikwama, pana shimo la kutu, na kutia mpira mpya hapo ni kuuchinja, kwani utakatwa na lile shimo na utarudi chini ya gari kabla ya mwezi kwisha. Hapo ununue silinda nzima. Leo ukucha umeteleza vizuri, isipokuwa mstari mmoja mwishoni kabisa, mahali ambapo mpira haufiki. Naupitishia msasa laini sana, nasafisha, basi.

Kwa nini silinda hii hasa ndiyo hufa? Mafuta ya breki na klachi yana tabia ya kunywa maji kutoka hewani. Hewa yetu mnaijua, nguo ukiianika usiku inaamka mbichi. Maji yakishaingia yanashuka mpaka mahali pa chini kabisa pa mfumo, na mahali hapo ndipo hapa. Yanakaa, yanatia kutu, kutu inakata mpira. Ndiyo maana nanunua kopo dogo kila mara, sinunui kubwa kwa ajili ya kuokoa pesa. Kopo lililofunguliwa likakaa rafu miezi sita siliamini.

Mpira mpya naulowesha kwa mafuta yale yale ya klachi kabla ya kuusukuma ndani. Kuna watu wanapaka oili ya injini au grisi ya kawaida ili uteleze. Oili ya injini inauvimbisha mpira huo, na kazi yote inakwenda na maji.

Silinda ikarudi mahali pake, ikabaki kutoa upepo, kazi ya watu wawili. Kijana anakaa kwenye usukani, mimi chini na kipande cha mpira mwangavu kinachoingia kwenye chupa.

"Piga. Piga. Piga. Shika!"

"Nimeshika, ami."

Nafungua kiskrubu cha kutolea upepo, mapovu yanatoka kwenye mpira. Nafunga.

"Achia. Sasa piga tena. Na usiachie mpaka niseme."

Mapovu makubwa, kisha madogo, kisha mafuta matupu yaliyo safi. Katikati natoka kwenda kuongeza mafuta kwenye kikombe cha juu, kwa sababu kikikauka kinavuta upepo upya na mnaanza alifu. Yakikudondokea kwenye bodi, mwagia maji mengi papo hapo, usifute tu kwa kitambaa. Yanakula rangi.

Mzee jirani anapita na boflo lake mkononi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Gari hii ungeiuza ukanunua Noah."

"Noah itabeba watu wanane, mzee. Hii inanibeba mimi."

Anacheka, anakwenda zake. Ananiambia hivyo kila akinikuta chini yake.

Saa 3 asubuhi

Pedali inashika juu, rivasi inaingia kimya. Nakwenda kazini kwa Kiembesamaki na Mombasa (ile ya kwetu), natambaa kwenye matuta kwa mshazari maana tumbo la gari liko chini. Mvua za vuli zimeacha mchanga barabarani na madimbwi ambayo hujui kina chake. Wenye magari marefu wanayapita tu. Mimi nasubiri aliye mbele yangu apite kwanza nione maji yanamfika wapi.

Kibandani Mwanakwerekwe ni mito ya hoteli moja ya kaskazini, foronya na zipu, foronya na zipu. Hakuna la kusimulia. Mteja mmoja alikuja kudai pazia ambalo kitambaa chake hajakileta.

Saa 8 mchana

Baada ya adhuhuri na sahani ya wali na mchuzi wa papa, soko linapoa, na mimi nageukia dirisha la nyuma la gari.

Dirisha hilo si kioo, ni plastiki, na limezungushiwa zipu ili lishushwe kabla paa halijakunjwa. Mtu akilikunja paa bila kufungua zipu, plastiki inajikunja, na ikizoea inapasuka. Hii ilikuja na ufa wa kulala katikati, kazi ya mwenyewe wa kwanza huko Japani. Juu ya hapo jua la kwetu likaigeuza rangi ya chai. Usiku taa za aliye nyuma zilikuwa zinaonekana kama ziko ndani ya ukungu. Paa zima jipya kutoka nje ni pesa nyingi pamoja na usafiri, na turubai lenyewe bado zima. Kilichokufa ni dirisha tu.

Na plastiki ninayo. Kwenye migahawa ya ufukweni tunashona mapazia ya mvua kwa plastiki angavu nene, na kila kazi inaacha kipande. Nimekianika kipande juani kidogo kilainike na kinyooke, kisha nikakilaza juu ya karatasi niliyochora kwa kufuata dirisha la zamani.

Plastiki haisamehi kama kitambaa. Pini huitii, kwa sababu tundu la pini linabaki milele na maji yatalijua. Nabana kwa vibanio vya nguo, vile vile vya kamba ya kuanikia. Uzi ni wa polista, kwani wa pamba ndani ya mwaka mmoja chumvi na jua vinauoza na unakatika kwa kuguswa. Sindano namba 18. Hatua ya mshono naifungua milimita nne au tano. Fundi mwanafunzi angeshona kwa hatua ndogo akidhani ndiyo imara, na angeshangaa dirisha linachanika kwenye mstari wa matundu yake mwenyewe.

Kisha mguu wa cherehani unanata. Ule wa chuma ukiigusa plastiki unaing'ang'ania, kitambaa cha chini kinakwenda na plastiki ya juu inabaki, na ukifika mwisho vimepishana vidole viwili. Dawa yake ni karatasi laini, ile ya kufungia viatu kwenye boksi. Naiweka juu ya plastiki, nashona nayo pamoja, halafu naichana inatoka yote. Kwenye pembe naacha kukanyaga, nazungusha gurudumu kwa mkono, tundu baada ya tundu, kwa sababu pembe ikikosewa hakuna kufumua.

Mwisho nasugua nta kwenye mstari wa mshono, nje na ndani, mpaka matundu yajae. Narudishia dirisha kwa zipu. Kutoka ndani ya gari sasa nausoma ubao wa duka la ng'ambo ya barabara, hata maandishi madogo ya chini.

Saa 11 jioni

Nyumbani, kabla ya magharibi, bado kazi moja, na mimi naiweka mbele ya zote hizi. Klachi ikifa gari inasimama, unaitengeneza, unaendelea. Hii nyingine ikiachwa, gari inaoza.

Maji ya mvua yakilishuka paa yanaingia kwenye mfereji wa mpira nyuma ya viti, yanakwenda pembeni, na kila upande kuna tundu lenye bomba la kuyashusha chini ya gari. Majani yakiziba tundu hilo, maji yanatafuta njia nyingine: yanaingia kwenye mazulia, na yanaingia ndani ya vizingiti vya chini ya milango, ambamo hakuna jua wala upepo. Huko kutu inafanya kazi kimya kimya. Siku unapoiona nje, kama malengelenge ya rangi mbele ya gurudumu la nyuma, ndani kumeshakuwa unga, na dawa ni kukata na kuchomelea bati jipya.

Watu husafisha tundu kwa waya. Waya unatoboa bomba. Mimi natumia mshipi wa kuvulia, ule mnene wa samaki wakubwa, unaopatikana kwa wauza zana za uvuvi. Unapinda na bomba, hautoboi. Nausukuma taratibu, nauzungusha, navuta. Upande wa kushoto leo umetoa vijiti vya mwarobaini na tope jeusi lenye harufu. Kisha kijana anamimina maji kwa kata na mimi nimelala chini nayangojea. Upande wa kulia yanateremka sawasawa na yanavyomiminwa. Wa kushoto yanachuruzika tu.

"Yanakuja?"

"Yanakuja kivivu. Acha kwanza, lete mshipi tena."

Ukatoka mpira mdogo wa majani yaliyooza, na maji yakashuka kwa kishindo usoni kwangu. Kijana alifurahi kupita kiasi.

Tukiwa hapo hapo tunaiosha chini. Kisima chetu kina chumvi, kuoshea gari kwa maji yale ni kuongeza ugonjwa. Maji ya mvua ya bati tunayakinga kwenye pipa, na hayo ndiyo ya chini ya gari, hasa baada ya kupita njia ya ufukweni. Kuna wanaopaka oili chafu chini kote ili kuzuia kutu. Inazuia kiasi, lakini inadondoka, inanuka, na mimi nalala chini ya gari hii mara nyingi mno kutaka kuoga oili chafu.

Saa 3 usiku

Nimemwandikia muuza spea wangu wa Kariakoo, Dar, anitumie mzigo kwa boti. Naitaka taimingi belti, mkanda unaozipangia valvu za injini wakati wake, maana ya sasa siijui historia yake, na kiwango chake ni kilomita 100,000. Sina presha ya usiku usiku. Injini hii ya 1.6 belti ikikatika inazima tu, pistoni na valvu hazigongani kama kwenye injini nyingine. Lakini sitaki inizimikie njiani Nungwi na mito ya watu kwenye buti.

Injini ni ya ukoo wa B6, ile ile familia iliyokuwa kwenye Mazda Familia za zamani, na hapo ndipo Kariakoo inaponisaidia. Akajibu haraka kwamba belti ipo, akauliza kama nataka na pampu ya maji. Nikamwambia aweke. Pampu iko nyuma ya belti, na kuifikia ni kufungua vyote vile vile: rejeta pembeni, mikanda, makava. Amesema boti ya asubuhi ya Jumatatu.