Bibi kaniuliza nani anavipanga

Leo nimerudi nyumbani nanuka asetoni mpaka kwenye mtandio, bi mkubwa kaninusa akasema weye umetoka kufuta rangi ya kucha? Nkacheka tu, maana kuelezea kunataka mtu akae kitako.

Kazi yenyewe ya maabara ni kutengeneza vijipira vidogo mno, hivi: polima moja, yaani molekuli ndefu kama mnyororo, ina vipande viwili vilivyoungana, kimoja kinapenda maji (PEG) na kimoja hakitaki hata kuyaona (PLA). Unaiyeyusha kwenye asetoni, humo vyote vinakaa kwa amani, halafu unaidondosha kwenye maji yanayokorogwa. Sasa asubuhi mie na haraka zangu nimemimina yote kwa mpigo, na kile kisumaku cha kukorogea kumbe kimesimama, basi nkapata madonge meupe yameganda ukingoni mwa chupa kama tui lililokatika. Polima ya bei ile! Nlitaka kulia.

Mara ya pili tone moja moja kwa sirinji, na hapo ndo raha ilipo. Hakuna donge, hakuna chenga, maji yanaingia tu kibuluu chepesi kama moshi wa udi, nkamulika kwa kileza cha kuchezea paka na mstari ukakatiza chupa nzima. Kwenye maji matupu huuoni. Maana yake mna vijipira humo, miseli, vya nanomita 10 hadi 100 hivi, na unywele mmoja tu una upana wa karibu nanomita 80,000!

Usiku jikoni nkamweleza bibi, akauliza, kwani nani anavipanga? Swali hilo hata kwenye semina sijaulizwa. Tumezoea kusema mafuta yanakimbia maji, kumbe wa kusukuma zaidi ni maji yenyewe: yakikizunguka kipande kisichoyataka yanabanwa, yanakosa uhuru wa kujigeuza, vipande vikijificha pamoja maji yanaachiwa. PLA ndani, PEG nje. Na humo ndani unatia dawa isiyoyeyuka majini, Korea Kusini waliidhinisha dawa ya saratani, paclitaxel, ndani ya miseli za aina hii hii tangu 2007.

Bibi kasikiliza mpaka mwisho. "Haya mjukuu wangu, na hilo sufuria la samaki nalo litajiosha?"

Nkainuka. Sabuni nayo inafanya miseli, ila sikumwambia.