Yai la rolex na ubishi wa fizikia

Jana jioni hapa Busia, upande wetu wa Uganda, nilisimama kwenye kibanda cha rolex, yaani chapati iliyoviringishwa na yai la kukaanga, nikiwa na mpwa wangu wa Senior 5. Anasoma fizikia, kemia na hisabati, na tangu aanze ana maringo kidogo. "Mjomba, hizo sayansi nyingine ni matawi tu. Shina ni fizikia."

Nikamwonyesha kikaango. Yai limemwagwa, ute unaonekana kama maji. Punde ukawa mweupe, ukashikana na vitunguu na nyanya. Haya, nipigie hesabu ya hilo kuanzia kwenye elektroni! Akacheka. Kweli, kila atomu mle inatii kanuni za fizikia. Lakini ukitaka kujua kwa nini ute umeganda, utamuuliza mtu wa kemia: protini zimekunjuka kwa joto, zikanasana.

Nikamtolea na habari ya Lord Kelvin. Bingwa huyo wa fizikia ya joto alipiga hesabu ya jinsi Dunia inavyopoa, na mwaka 1897 akasema ina umri wa miaka kati ya milioni 20 na 40. Wanajiolojia wengi, waliokuwa wakisoma miamba, wakaona ni michache mno. Nao walikuwa sahihi, maana ni kama bilioni 4.5.

"Na hiyo bilioni 4.5 ilipimwaje, Mjomba?"

Kwa unururifu wa urani, yaani jinsi atomu zake zinavyovunjika zenyewe polepole. Fizikia tena, ala! Nikanyamaza. Akala rolex mbili, nikalipa mimi.