Leo nimelia Kibuye

Katikati ya soko, saa saba mchana, jua la Kisumu likiwaka.

Nilikuwa nanunua nyanya. Moja ikapasuka mkononi mwangu. Basi, machozi yakaanza kutiririka na sikuweza kuyazuia.

Asubuhi nilikuwa nimemfokea mdogo wangu kwa sababu ya kikombe tu. Usiku sikulala, matiti yananiuma, na kila neno la mtu naliona tusi.

Nimefika nyumbani nikafungua daftari ninaloandikia tarehe zangu za hedhi. Siku ya 25 ya mzunguko. Mwezi uliopita, siku ya 24, nimeandika: "Nimelia kwenye matatu."

Najua homoni hushuka siku hizi za kabla ya hedhi. Najua damu ikishaanza, siku 2 au 3 hivi, narudi kuwa mimi. Lakini kujua hakukunisaidia pale sokoni.

Aliyenisaidia ni yule mama wa nyanya. Hakuuliza kitu. Alinivutia kigoda, akachukua pembe ya leso yake, akanifuta vidole kimoja kimoja, mbegu zote zikatoka. Halafu akasema polepole, "Pole, nyara. Keti kwanza."

Nyara. Kwa Kijaluo, binti yangu. Na hata jina langu halijui.

Mdogo wangu nimeshamwomba msamaha, tumekula pamoja.

Dada zangu, siku hizo nyinyi mnazipitiaje? Na nyumbani mnawaambia, au mnanyamaza kama nilivyokuwa nikinyamaza mimi? Niandikieni hapa, bado niko macho.