Roark mbele ya daka letu

Tangu mpwa wangu arudi likizo kutoka Mombasa na nakala kuukuu ya The Fountainhead, riwaya ya Ayn Rand iliyotoka mwaka 1943, watu wa nyumba yetu na wa daka letu, baraza la mlangoni hapa Mkomani, mtaa wa Lamu, wamegawanyika kwa namna ambayo sikuitarajia kwa kitabu cha Kimarekani chenye kurasa zaidi ya mia saba. Yeye anakipenda kwa shauku ya mtu aliyesemewa jambo alilokuwa akilinyamazia. Mamake, ambaye ni dadangu, hakumaliza hata robo yake. Fundi wa chokaa anayekaa nasi dakani baada ya Alasiri, ambaye hasomi Kiingereza na hadithi nzima aliisikia kutoka kwangu kipande kwa kipande, amekitolea hukumu kali kuliko wote. Naandika leo ili nijue mimi mwenyewe nimesimama wapi, kwa sababu siku zote hizo nilikuwa msimulizi, na msimulizi hupata udhuru wa kutosema lake.

Howard Roark, shujaa wa riwaya hiyo, ni msanifu majengo anayefukuzwa chuoni kwa kukataa kuiga majengo ya kale, na ambaye ni heri kwake kupasua mawe machimboni kuliko kuchora nyumba asiyoiamini. Baadaye anamchorea mwenzake kwa siri mradi wa serikali wa nyumba za watu wenye kipato kidogo, na ujira anaoutaka ni mmoja tu, kwamba majengo yasimamishwe kama yalivyochorwa. Yanapobadilishwa, anayalipua kwa baruti usiku, kabla hayajakaliwa na mtu, kisha anajitetea mwenyewe mahakamani kwa hotuba ndefu kuhusu mtu mmoja anayeumba na kundi linaloishi kwa jasho lake. Jopo la raia linamwachilia huru.

Nilipofika hapo katika kusimulia, Fundi aliuliza swali ambalo limenikaa tangu siku ile: “Na wale waliokuwa wahamie humo, Mwalimu, yuko aliyewaita kutoa ushahidi?” Nilirudi kitabuni kutafuta. Mlinzi wa usiku aliondolewa mahali pale kwa hila ili asidhurike, na mwandishi alilikumbuka hilo. Lakini familia zilizokuwa zikingoja vyumba hazina sauti katika kesi ile.

Mpwa wangu hakukubali kwamba swali hilo linamaliza neno, na nadhani ana haki ya kusikilizwa vizuri kuliko tulivyomsikiliza. Anasomea mitambo ya meli. Kila anaporudi nyumbani huulizwa ataolewa lini, na wanaomwuliza ni watu ambao hawakumlipia hata muhula mmoja wa karo. “Mjomba,” aliniambia, “hapa mtu hawezi kununua viatu bila mtaa mzima kujua bei yake.” Alisema kwa kucheka, lakini si jambo la kuchekesha. Sisi tunaousifu mji wetu kwa kujuana na kusaidiana, na sifa hiyo ni ya kweli wakati wa msiba na wa harusi, hatupendi kuhesabu ni vijana wangapi waliokunja matamanio yao na kuyaweka sandukuni kwa kuogopa watu watasemaje. Msichana kama huyo anapokutana na mtu wa riwaya ambaye, adui yake anapomtaka amwambie wazi anamfikiria vipi, hujibu kwamba hamfikirii kabisa, hapati fundisho la kudharau watu. Anapata pumzi, na kwa umri wake pumzi ni kitu kikubwa.

Wala hasira ya mwandishi haikutoka hewani. Rand alizaliwa St. Petersburg mwaka 1905, na baada ya mapinduzi ya 1917 duka la dawa la babake lilichukuliwa kwa jina la umma. Mwaka 1926 alihamia Marekani, akaandika kwa lugha aliyoipata ukubwani, na wachapishaji kumi na wawili walikataa The Fountainhead kabla haijapata wa kuipokea. Mtu aliyeona duka la mzazi wake likinyakuliwa na watu wanaozungumza habari za udugu ana sababu ya kuyashuku maneno ya udugu maisha yake yote.

Wapo wanaodai kwamba ugomvi kuhusu vitabu hivi ni ugomvi wa siasa tu, kwamba mpenda soko huvisifu na mpenda ujamaa huvitukana. Mambo hayakuwa mepesi hivyo hata huko Marekani. Mwaka 1957 Rand alipotoa Atlas Shrugged, riwaya ya kurasa zaidi ya elfu moja, mojawapo ya mashambulizi makali zaidi lilitoka katika National Review, jarida la wahafidhina, kwa kalamu ya Whittaker Chambers, mkomunisti wa zamani aliyekuwa ameuacha ukomunisti na kuupiga vita. Wakati huohuo Alan Greenspan, ambaye miaka mingi baadaye aliongoza benki kuu ya Marekani, alikuwa katika kikundi cha marafiki waliokutana nyumbani kwa mwandishi. Ninachokiona mimi ni kwamba msomaji hugawanyika na mwenzake pale anapojichagulia nafasi ndani ya hadithi. Mpwa wangu aliingia kitabuni akiwa Roark. Fundi aliingia akiwa mtu anayesubiri nyumba.

Hata hivyo Fundi naye ana kisa chake, na mpwa wangu, ambaye ni mwepesi wa kukumbuka mambo ya wakubwa, hakukiacha. Nyumba zetu za zamani zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na ukuta wa namna hiyo hupumua. Ukiupaka saruji, unyevu na chumvi hufungiwa ndani, na baada ya muda lipu hubanduka na jiwe lenyewe huanza kulika. Wenye nyumba wengi wanataka saruji kwa sababu ni ya haraka. Mmoja wao, mwenye fedha kuliko subira, alishikilia saruji, na Fundi alikusanya vifaa vyake akaondoka na kuacha ujira ambao nyumbani kwake ulihitajika. “Sasa wewe na Roark mna tofauti gani, Ami?” msichana akauliza.

Fundi hakusita. “Niliacha kazi. Sikuuvunja ukuta wa mtu.”

Kisha akatuonyesha kwa kidole wikio lililo juu ya uchochoro, chumba kinachokatiza njia na kuegemea nyumba mbili, akasema kwamba hapa hakuna ajengaye kabla ya kujua ukuta wake unabebwa na nani. Sikutaka kuligeuza jambo hilo kuwa hotuba ya kuusifu mji, maana zipo kesi za mipaka na kuta hapa Lamu zilizodumu kuliko walioanza kuzishtaki. Lakini nilielewa kwamba hakuwa akitetea kundi dhidi ya mtu mmoja. Alikuwa akisema kwamba mtu anaweza kuilinda kazi yake mpaka kufikia hasara yake mwenyewe, na pale hasara inapoanza kuwaangukia wengine ndipo hesabu inapobadilika.

Lawama yangu kwa Rand ni ya mwalimu wa fasihi zaidi kuliko ya mwanafalsafa. Wapinzani wa Roark wameumbwa dhaifu mno. Yule anayehubiri kujitolea kwa ajili ya wengine, Ellsworth Toohey, anageuka kuwa mlaghai anayetafuta kuwatawala watu, na yule msanifu mwenzake hana hata wazo moja lililo lake. Hakuna katika kurasa zote zile mtu mwema na mwenye akili anayempinga Roark kwa hoja iliyonyooka, kwa hiyo fikra ya mwandishi haikuwahi kujaribiwa, imetangazwa mshindi tu. Hapo ndipo nafasi ya msomaji inapoponyoka: akubali au afunge kitabu, kama dadangu.

Ndiyo maana nimemwazima mpwa wangu Dunia Uwanja wa Fujo ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1975, miaka minane tu baada ya Azimio la Arusha. Tumaini, baada ya kuutapanya urithi wake, anageuka mkulima mkubwa kwa bidii yake, na siasa ya Ujamaa inapoyafikia mashamba yake anamwua kiongozi, na mwisho wake ni kitanzi. Kezilahabi hamfanyi malaika, wala hamfanyi mnyonyaji wa kuchorwa ukutani. Msomaji anakifunga kitabu akiwa bado anabishana na nafsi yake. Na kama tunataka mtu mmoja aliye mkubwa kuliko mji wake, hatuna haja ya kwenda mbali, maana tunaye Fumo Liyongo, aliyetungiwa utenzi mwaka 1913 na Muhammad Kijumwa wa papa hapa Lamu. Hata baada ya kuchomwa sindano ya shaba na mwanawe, anakufa amepiga goti karibu na kisima, upinde mkononi, na watu wa mji wanakaa bila maji kwa kumdhania yu hai. Kijumwa hakuficha ushujaa wa mtu yule, na hakuificha kiu ya mji.

Mpwa wangu amemaliza habari za Tumaini kwa siku chache na amerudi na ubishi mpya. Anasema Tumaini angepata jopo la Roark angeachiliwa. Fundi anasema Roark angempata hakimu wa Tumaini angenyongwa. Kwangu mimi wote wawili wamesema jambo moja, ingawa hakuna kati yao aliyefurahi nilipowaambia.