Siku Nne Fes kwa Mfuko Mwepesi

Mji mkongwe wa Fes, nchini Moroko, ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981, hauingii gari, na jambo hilo liliniokolea fedha nyingi. Ukishapita lango la Bab Bou Jeloud, njia mbili, Talaa Kebira na Talaa Sghira, huteremka kuelekea msikiti wa Qarawiyyin. Kwa hiyo nilipoteremka nilijua ninaingia ndani, na nilipopanda nilijua ninarudi langoni, wala sikuhitaji kumlipa mtu anionyeshe njia.

Siku ya kwanza sikulijua hilo. Kijana mmoja alinipokea kwa bashasha, akanizungusha vichochoroni kwa muda usiofika nusu saa, kisha akadai dirhamu 200, nami nikatoa kwa sababu sikuwa nimepatana naye tangu mwanzo. Baada ya hapo niliwajibu mapapasi kwa upole, bila kusimama, "La, shukran," maneno ambayo Mswahili hana haja ya kufundishwa.

Katika chakula, nawasihi mwanze na bissara, supu nzito ya maharage mapana yaliyokaushwa. Asubuhi mpishi huichota kwa upawa kutoka sufuriani, akaimiminia mafuta ya zeituni yanayotuama juu yake, akanyunyiza bizari nyembamba, kisha akakuwekea mkate wa mviringo ulio moto bado. Nililipa dirhamu 8, nikala bega kwa bega na wachukuzi waliowafunga punda wao nje, na sikuhisi njaa hadi alasiri. Migahawa ya ghorofani inayotazama lango hutoza mara kadhaa ya hapo, na kwa ulimi wangu haipiki vizuri zaidi.

Nje ya kuta, teksi ndogo nyekundu ni nafuu mradi dereva awashe mita kabla ya kuondoka. Usiku nauli huongezwa nusu.

Wasiokuwa Waislamu hawaruhusiwi kuingia Qarawiyyin, ambayo kwa mapokeo iliasisiwa na Fatima al-Fihri mwaka 859, lakini Mwislamu huingia kuswali bila kulipa chochote. Niliswali adhuhuri humo, nikakaa uani kwa muda mrefu. Jioni nilinunua mkate na zeituni, nikapanda kilima chenye makaburi ya Wamarini, ukoo uliotawala Moroko zamani, ambako hakuna kiingilio, nikala huku adhana zikipokezana kutoka mnara mmoja hadi mwingine chini yangu.