Aya ya Kabla na Aya ya Baada

Maalim aliyenifundisha kusoma Kurani, katika chuo kimoja cha Mji wa Kale, Mombasa, hakuwa mtu wa maneno mengi. Tulipofika Suratul Maun, kila aliyekata pumzi mwishoni mwa aya ya nne alisikia henzerani ikigonga mkeka karibu na goti lake, na sauti ikisema, "Usisimame hapo." Aya hiyo ikisomwa peke yake inasema: ole wao wanaosali. Aya inayofuata ndiyo inayotaja ni wasaliji gani hao, yaani wale wanaozipuuza sala zao. Kwa mtoto wa miaka minane hilo lilikuwa jambo la pumzi tu, na nilidhani maalim anatutaka tuwe na mapafu makubwa.

Mwezi Aprili mwaka 2015, siku chache baada ya watu wa Al-Shabaab kuingia Chuo Kikuu cha Garissa alfajiri ya tarehe 2 na kuua watu 148, wengi wao wanafunzi Wakristo waliotengwa na wenzao kabla ya kupigwa risasi, mwenzangu wa kazini jijini Nairobi alinisogezea simu yake tukiwa tunakula chakula cha mchana. Ni Mkristo, na tulikuwa tukila meza moja karibu kila siku. Kwenye kioo cha simu kulikuwa na sentensi moja kutoka sura ya tisa ya Kurani, Suratut Tawba, aya ya tano, isemayo kwamba wauweni washirikina popote mnapowakuta, na chini yake picha ya lango la chuo kile. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Ndugu yangu, niambie ukweli. Hii imo au haimo?"

Nikamwambia imo.

Ningeweza kumjibu kwamba Uislamu ni dini ya amani, kama tulivyozoea kujibu, lakini jibu hilo lisingemfaa kitu mtu aliyeniletea aya mkononi. Nilikuwa na tafsiri ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy, ile iliyochapishwa kamili mwaka 1969, kwenye mtoto wa meza yangu ya kazi. Nikaileta, tukaanza aya ya kwanza ya sura hiyo badala ya ya tano.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa cha Kiswahili chenyewe. Katika mazungumzo ya kila siku ushirikina ni uchawi, hirizi na kupiga ramli, na mwenzangu alikuwa amedhani kwamba aya inawazungumzia waganga, kisha mtu fulani akamweleza kwamba makusudio ni Wakristo. Katika Kurani neno hilo ni la wale wanaomshirikisha Mwenyezi Mungu na miungu mingine, na katika sura hii ni waabudu masanamu wa Bara Arabu wa zama zile. Wakristo na Wayahudi wana jina lao mbali, Watu wa Kitabu. Baada ya hapo tulisoma polepole. Aya ya nne inawatoa katika amri hiyo washirikina waliofunga mkataba na Waislamu na hawakuuvunja, na inaagiza mkataba wao utimizwe hadi mwisho wa muda wake. Aya ya sita inasema kwamba mshirikina yeyote akiomba hifadhi apewe, asikie maneno ya Mwenyezi Mungu, kisha afikishwe mahali pake pa amani. Aya ya kumi na tatu inawataja wanaopigwa vita kuwa watu waliovunja viapo vyao na ambao ndio walioanza. Nilimsimulia mkataba wa amani wa Hudaibiya wa mwaka 628, kati ya Waislamu na Makureshi wa Makka, na jinsi kabila la Banu Bakr, waliokuwa upande wa Makureshi, walivyowashambulia kabila la Khuzaa, waliokuwa upande wa Mtume (S.A.W.), mkataba ukavunjika. Sura yenyewe ilitangazwa katika hija ya mwaka 631, na ilitoa muhula wa miezi minne.

Mwenzangu alikaa kimya kidogo, kisha akauliza jambo ambalo sikulitarajia: "Sasa kama ni wazi hivi, hawa wa Garissa waliisoma wapi?"

Swali hilo halikuwa jepesi, na sikutaka kumdanganya kwamba kila mwanachuoni wa Kiislamu tangu zamani ameisoma aya hii kama nilivyomsomea. Wapo wafasiri wa kale walioiita aya ya upanga na kusema kwamba imezifuta, yaani imeziondolea hukumu, aya zaidi ya mia moja za subira na msamaha. Wapo wengine walioikataa hesabu hiyo. Mwanachuoni Al-Suyuti wa Misri alizipunguza aya zilizofutwa zikabaki kama ishirini, na Shah Waliullah wa Delhi, karne ya kumi na nane, akazifikisha tano. Ubishi huo ni wa wanavyuoni waliotumia umri wao mzima ndani ya lugha, hadithi na sababu za kuteremka kwa aya, na hata wale waliokuwa wakali katika kauli zao walizizungushia amri za vita masharti juu ya nani anaweza kutangaza vita na nani haruhusiwi kuguswa. Mtu aliyelenga bunduki kwenye bweni la wanafunzi waliolala hana nafasi katika ubishi huo, kwa upande wowote.

Kuwahi kusoma sana, hata hivyo, hakumkingi mtu. Watu wa kwanza kuigeuza Kurani kuwa panga dhidi ya Waislamu wenzao, Khawarij, walisifika kwa sala ndefu na vipaji vya uso vilivyochubuka kwa kusujudu. Baada ya vita vya Siffin mwaka 657, Khalifa Ali bin Abi Talib alipokubali wasuluhishi kati yake na mpinzani wake Muawiya, walimtangaza kuwa amekufuru kwa sababu hukumu ni ya Mwenyezi Mungu tu, na maneno hayo kweli yamo ndani ya Kurani. Ali alisema ni neno la haki linalokusudiwa batili. Aliyewaendea ni Ibn Abbas, binamu wa Mtume, naye hakuwaletea silaha. Aliwauliza kuhusu mtu aliyehirimia hija, yaani aliyekwisha kuingia katika ibada hiyo, akaua mnyama wa mwituni, ambaye Kurani inaamrisha ahukumiwe na watu wawili waadilifu, na kuhusu mume na mke waliogombana, ambao Kurani inaamrisha wapelekewe msuluhishi kutoka kila upande. Ikiwa wanadamu wanahukumu juu ya mnyama na juu ya ndoa, vipi wasisuluhishe katika damu ya umma? Inasimuliwa kwamba maelfu walirudi. Waliobaki, mmoja wao alimpiga Ali kwa upanga msikitini, katika mji wa Kufa, mwaka 661, akamuua.

(Niseme hapa, kwa kuwa wasomaji wa Unguja na Muscat wataniandikia: Ibadhi, watu wa madhehebu ya Kiislamu yenye wafuasi wengi Omani, wamekuwa wakivishwa jina hilo la Khawarij na wao wenyewe wanalikataa, na mji wa Unguja wa enzi za masultani ulikuwa na kadhi wa Kiibadhi na kadhi wa Kisunni.)

Tukiwa bado mezani nilimwomba mwenzangu afungue Luka 19 aya ya 27, ambapo kuna amri ya kuwaleta maadui na kuwachinja. Aliijua. Alicheka na kusema, "Hayo ni maneno ya mfalme ndani ya mfano, anza aya ya kumi na moja." Alilisema bila kufikiri, kwa ule wepesi wa mtu aliyelelewa na kitabu chake. Wengi wetu tuliokulia kwenye mihadhara ya dini ya miaka ya themanini na tisini, pale viwanjani, Biblia mkono mmoja na msahafu mkono wa pili, tulizoea kuokota aya kama mtu anayeokota mawe ya kurushia, na Luka 19:27 ilikuwa jiwe linalopendwa.

Mkasi huo wa kukatia aya na sisi tunao. Kila baada ya shambulizi huwa tunasambaza maneno ya Suratul Maida, aya ya 32, kwamba anayeua nafsi moja ni kama ameua watu wote. Mara nyingi tunayakata pande zote mbili: mwanzo wake, unaosema kwamba hilo waliandikiwa Wana wa Israili, maneno ya katikati yanayoitoa nafsi iliyoua au iliyofanya ufisadi katika nchi, na aya inayofuata, yenye adhabu kali kwa wanaofanya ufisadi huo. Aya ikisomwa yote bado inawahukumu wauaji wa Garissa, na kwa ukali zaidi, kwani wanavyuoni wengi waliifasiri ya 33 kuhusu majambazi wanaowatisha watu njiani. Sielewi kwa nini tunaona aibu kuisoma nzima. Mtu asiye Mwislamu akigundua tumemkatia, ana haki ya kujiuliza tumemkatia nini kingine.

Na lugha ya habari haisaidii. Neno jihadi limekuwa sawa na bomu, ilhali ni ndugu wa damu wa juhudi na jitihada, maneno ambayo mwalimu humwandikia mtoto kwenye ripoti ya shule. Vita ni sehemu ya maana yake katika fikihi, elimu ya sheria za Kiislamu, sikatai, ila ni sehemu yenye milango na kufuli. Vilevile husemwa kwamba Waislamu hawawakemei wenzao. Septemba 2014 wanavyuoni zaidi ya 120 walimwandikia Abu Bakr al-Baghdadi, aliyekuwa kiongozi wa kundi la Dola ya Kiislamu (ISIS), barua ndefu ya wazi, na miongoni mwa mambo ya mwanzo waliyomkosoa ni kutoa hukumu kwa kipande cha aya bila kutazama yote yaliyosemwa juu ya jambo hilo. Karibu nasi zaidi, Sheikh Mohammed Idris, aliyeyapinga mahubiri ya itikadi kali hadharani hapa Mombasa, alipigwa risasi na kuuawa Likoni tarehe 10 Juni 2014 akienda sala ya alfajiri. Na Desemba 2015 basi lililokuwa likienda Mandera lilivamiwa, abiria Waislamu wakakataa kutengana na Wakristo, wanawake wakawavisha wenzao hijabu zao. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi pale na akafa mwezi uliofuata.

Kuna jambo moja bado. Mwaka uleule wa Garissa, nilipokuja nyumbani kwa Idi, kijana mmoja wa mtaani kwetu alinionyesha video kwenye simu. Mtu mwenye sauti nzuri alikuwa akisoma Suratut Tawba, aya ya tano, kisha zinaingia picha za watoto waliouawa Gaza, kisha bendera nyeusi. Ilikuwa sentensi ileile iliyokuwa kwenye simu ya mwenzangu, imekatwa mahali palepale. Nilimwomba aisogeze mbele tusikie aya ya sita. Video ilikuwa imeishia hapo. Nikamtajia aya ya sita kwa kichwa, akanisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Na wewe kaka, umesoma kwa nani?"

Lilikuwa swali la haki, swali ambalo yeye hakuwa amemuuliza mwenye video. Nilimjibu kwamba nimesoma chuoni tu na kwenye darsa za Ramadhani baada ya alasiri, na kwamba nitampeleka kwa mtu anayejua kuliko mimi. Tulikwenda pamoja baada ya magharibi, tukaketi nyuma, naye alikuwa na daftari. Alirudi mara ya pili peke yake, nikaambiwa aliuliza maswali mengi. Wiki iliyofuata nilimpitia kwao, mama yake akanijibu kutoka ndani kwamba amekwenda Malindi kutafuta kazi. Sikumuuliza ni kazi gani, na yeye hakufungua mlango.